Kabla Ujisifu Umefanya Kitu Wachache Wamefanya, Tuambie Uliingiaje

Kuna mchezo tulikuwa tunacheza hosteli Nairobi nikiwa mwaka wa kwanza, hasa stima zikipotea. Mnakaa chini duara, kila mtu anataja kitu kimoja amewahi kufanya ambacho anaamini hakuna mwingine pale amekifanya. Ukitaja halafu mtu akasema "hata mimi," umetoka. Msee mmoja alisema ameruka na parachuti Diani. Dem mwingine akasema aliwahi kukwama ndani ya lifti na mbunge, na mbunge akasinzia. Zamu yangu ikafika, nikasema nimewahi kula chapati nikiwa nimeegemea ukuta wa Thimlich Ohinga.

Kimya. Halafu mtu akauliza, "Hiyo ni nini, dawa ya kikohozi?"

Nilishinda raundi kwa sababu hakuna aliyewahi kufika, lakini kuna kushinda na kuna kuhurumiwa. Kwa wale hamjui, Thimlich Ohinga ni maboma ya mawe, kilomita 46 hivi kutoka mji wa Migori, yaliyojengwa yapata miaka 500 iliyopita bila saruji wala udongo wa kushikanisha. Ni jiwe juu ya jiwe tu, na mahali pengine ukuta unapita mita nne. UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Lakini kwa mbogi ya hosteli hayo hayakuwa na uzito wa parachuti. Na mimi, nitasema ukweli, niliona aibu kidogo. Nikaanza kuwa na njaa ya kitu kikubwa, kitu nikikitaja watu wanasema "wacha!"

Nimekulia Migori mjini, Oruba. Mama anauza omena. Kwa Watanzania ni dagaa, kwa Waganda ni mukene, kwetu ni omena, na ndizo zilinilipia karo tangu chekechea. Kila wiki anasafiri kwenda kwao upande wa Homa Bay, ufuo mmoja huko pande za Sindo, ananunua, anasubiri zikauke, anarudi na magunia juu ya matatu. Miaka 19 sasa. Miaka mitatu iliyopita alichukua mkopo kwa chama chao akanunua wavu, akauweka kwenye boti ya mzee mmoja wa pale ili naye apate mgao badala ya kununua tu.

Kama hujakaa ufuoni huwezi kujua uzito wa uamuzi huo. Kule mwanamke asiye na boti wala wavu yuko chini ya rehema ya mvuvi. Mnasikia neno jaboya likitajwa kwa habari kama utani, lakini si utani. Ni mvuvi anayekuhakikishia samaki kila asubuhi, na malipo si pesa peke yake. Kule Nduru, Homa Bay, wanawake walichoka, mwaka 2011 wakaanzisha kundi walilolipa jina la Kiingereza lisilozunguka kichaka, No Sex for Fish, wakapata boti zao na kuajiri wanaume waende ziwani. Mafuriko ya 2020 yakaja yakameza kijiji, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine. Ninachotaka mshike ni kwamba mama hakununua wavu ili aitwe mwekezaji. Alinunua ili asiwe na jaboya.

Basi mwaka jana mwezi wa Septemba nikaamua nitalala ziwani na wavuvi wa omena.

Omena huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa boti zinakaa nchi kavu, kwa sababu kazi yote inategemea taa, na taa haina maana kama mbingu nzima inawaka. Pia kuanzia Aprili mosi hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa ili zizaane. Kazo wangu, mtoto wa mjomba, ambaye ni mmoja wa vijana wa ile boti yenye wavu wa mama, miezi hiyo huenda Nyatike kushuka mashimo ya dhahabu. Ana miaka 21. Ameshashuka chini ya ardhi kwa kamba, ameshakesha juu ya maji kwa upepo, na ukimuuliza amefanya nini maishani anakwambia, "Hakuna, natafuta kazi."

Nikamtuma aniulizie. Mwenye boti, ambaye wote humwita jaduong', hakusema hapana. Alisema anunuliwe petroli, nami nikanunua. Halafu wale vijana wengine wakauliza tangu lini mwanamke anapanda boti ya omena. Huko ni mwiko wa tangu zamani. Watakwambia ziwa hukasirika, samaki hukimbia, injini huzima. Jaduong' akanitazama, akaitazama simu yangu na kile kistendi chake, akasema kwa Kijaluo, nami naweka kwa Kiswahili: "Huyu si mwanamke. Huyu ni mtu wa kamera."

Wakacheka. Na mimi nilicheka. Nilifurahi, bana! Ilinichukua miezi kuona nilikuwa nimeambiwa nini.

Kabla ya kupanda, kazo alitumwa kwangu pembeni. Hakujua aanzie wapi. Akaangalia mchanga, akasema, "Wanauliza kama uko sawa. Unajua. Kwa mwezi." Nikasema niko sawa. Ilikuwa kweli, lakini hata kama haingekuwa kweli ningesema hivyo hivyo.

Tulitoka jua likiwa linazama. Wanaume wanne na mimi, boti ya mbao, injini inayokohoa, wavu umekunjwa katikati kama ng'ombe aliyelala. Kulikuwa na jaketi moja la kuokolea maisha. Nilipewa mimi. Lilinuka petroli na sikulivua hadi asubuhi. Hao wengine hawakuwa na kitu, na kati yao wawili hawajui kuogelea. Niliwauliza, wakaniambia kwa sauti ile mtu husema hajui kuendesha gari.

Mbali na nchi wakateremsha taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, sasa ni taa za sola za kukodi, zimefungwa juu ya vielelezo vya mbao. Unaziacha zielee mbalimbali, kisha unasogea pembeni na kusubiri. Hapo ndipo niliona kitu sitawahi kukisahau. Kila boti ilikuwa imeweka taa zake, na ziwa lote likageuka mji. Ungeapa unaangalia Nairobi kutoka Ngong, ila huu mji unapanda na kushuka taratibu. Chini ya taa zetu wadudu walikuja kwanza, wengi hadi ukifungua mdomo unakula. Halafu maji yakaanza kuchemka. Omena zilikuwa zinapanda kufuata mwanga na vijidudu, na juu ya maji ilisikika kama mvua ndogo inayonyesha kutoka chini.

Mnazunguka taa na wavu kimyakimya, mnafunga duara, mnavuta pande zote mbili. Nilivuta pia, dakika kumi hivi, kisha viganja vikakataa. Wavu ukipanda unawaka fedha. Wanachota wanajaza makarai. Tulifanya hivyo mara tatu usiku huo.

Na katikati ya yote haya, mkojo. Acheni niseme kwa sababu wanaume wanaosimulia usiku wa ziwani hawasemi, wao wanasimama tu ukingoni. Sikuwa nimekunywa maji tangu saa sita mchana nikijua itakuwa shida, na bado saa nane usiku shida ikaja. Jaduong' aliwaamuru wote watazame upande wa Tanzania. Wakatazama. Nilitumia mtungi uliokatwa. Hakuna aliyecheka, na hilo nalo ni jambo nawapa heshima yao.

Kama saa tisa hivi boti nyingine ilikuja ikazima injini kando yetu. Hawakuongea sana. Makarai manne yakapitishwa upande ule gizani, mikono kwa mikono, na ile boti ikaondoka. Nilirekodi yote. Niliona ni ujirani, watu wa maji wakisaidiana. Nilipoihariri video niliweka muziki wa taratibu hapo.

Ile video ilifanya vizuri kuliko kitu chochote nimewahi kutoa. Nikaipa kichwa kwamba mimi ni msichana wa kwanza kulala kwenye boti ya omena. Huo ulikuwa uongo, na sikujua kwa sababu sikuuliza. Rafiki ya mama aliniambia baadaye, bila hasira, kwamba kuna mjane ufuo wa tatu kutoka pale ambaye huenda ziwani na wanawe tangu mumewe afe. Hana simu ya kurekodi. Hajawahi kujua kwamba yeye ndiye wa kwanza, ama wa pili, ama wa kumi. Anajua tu petroli imepanda.

Sasa hapo ndipo maoni yangu yanaanzia, na najua wengine hamtayapenda.

Tunapenda sana neno nadra. Kitu ambacho wachache wamefanya. Tukilisikia tunadhani linamsifu aliyefanya. Mimi nimeanza kuliona kama swali: mbona ni wachache? Kuruka na parachuti wachache wamefanya kwa sababu ni ghali. Kushuka shimo la dhahabu Nyatike, walio nje hawajafanya kwa sababu ni hatari na wana chaguo lingine. Mara zote nimeenda Macalder, wanawake niliowaona walikuwa juu wakiponda mawe na kuosha mchanga, mikono ndani ya maji yenye zebaki, si chini ya shimo. Na kulala kwenye boti ya omena, wanaume maelfu hufanya kila usiku wa giza. Ni nadra kwa mwanamke tu, na ni nadra kwa sababu kuna mtu mlangoni. Mimi sikuvunja mlango. Nilifunguliwa kwa sababu nilikuwa na petroli na kamera, na nilikuwa naondoka kesho yake.

Mama aliwahi kuomba kupanda, kumbe. Mara moja tu, mwaka ule aliponunua wavu. Alitaka kuona unavyofanya kazi. Waliangua kicheko ufuo mzima. Mtu anayemiliki wavu hakuruhusiwa kuuona ukiwa majini, na binti yake aliyekuja na stendi ya simu akapewa jaketi la pekee.

Kuna mfano mmoja wa mbali nauwazia sana. Julai 20, 2021, kampuni ya Jeff Bezos ilirusha chombo hadi ukingo wa anga, watu wanne ndani. Mmoja alikuwa kijana wa Uholanzi wa miaka 18, Oliver Daemen, ambaye kiti chake kililipiwa na babake. Mwingine alikuwa mama wa miaka 82, Wally Funk. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huyu mama alikuwa mmoja wa wanawake 13 Marekani waliofanyiwa vipimo vya kiafya kama vile vya wanaanga wa kwanza wanaume, wakapita. Wakakwama hapo. NASA ilitaka rubani wa majaribio wa ndege za jeshi, na jeshi halikuruhusu wanawake kuwa hao. Akangoja miaka 60. Wakaenda safari moja, dakika zilezile kumi na kitu, wakaona dunia ileile. Ukiwauliza kwenye ule mchezo wa hosteli, wote wawili wanashinda raundi. Lakini si stori moja, na mtu akinisimulia stori ya kijana bila ya yule mama nahisi nimedanganywa. Sisemi kijana alikosea kwenda. Ningekuwa yeye ningeenda mbio.

Kwa hivyo sisemi msiende. Nendeni. Watu wanakuja kutoka ng'ambo hadi Muhuru Bay wanapanda boti kwenda Migingo kurekodi kile kijiwe cha nusu ekari kilichojaa mabati, wanasema ndicho kisiwa chenye msongamano kuliko vyote duniani, wanaondoka kabla giza liingie. Hata sisi wa hapa twende. Ninachoomba ni kimoja tu, na nimeanza kujilazimisha mwenyewe: sema uliingiaje. Nani alikufungulia, ulilipa nini, na nani alikuwa amesimama hapo mlangoni siku nyingi kabla yako na akaambiwa arudi nyumbani. Hiyo ndiyo sehemu ya video sisi hukata, na tukiikata kinachobaki ni sura yako na mandhari.

Nimeshajibiwa na rafiki kwamba naharibu raha, kwamba si kila kitu lazima kiwe somo. Labda. Lakini wacha niwaambie kilichotokea nilipomwonyesha mama.

Ilikuwa Desemba, niko nyumbani, tumemaliza kula. Nilidhani atalia, unajua, wavu wake majini kwa mara ya kwanza. Hakulia. Aliishika simu karibu na uso kama anayesoma dawa. Ile sehemu yangu ya kuongea aliipitisha kwa kidole. Sehemu ya mji wa taa alisema "mm." Wavu ulipopanda akasimamisha, akaangalia, akaachilia. Akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini. Karai, karai, karai. Akafika kumi na tatu.

"Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Kumi na tatu. Akaingia chumbani akarudi na kile kidaftari chake cha mgao. Usiku ule, tarehe ile, alikuwa ameambiwa makarai tisa, na mgao wake ulitoka kwa tisa.

"Hawa ni nani?" akauliza. Kidole chake kilikuwa juu ya ile boti iliyokuja gizani, pale nilipoweka muziki.

Sikuwa na jibu. Alilipata kwa kidaftari mwenyewe, akirudi nyuma kurasa baada ya kurasa, bila kuniangalia. Mimi nilikuwa nimetoa hiyo video miezi mitatu, watu wengi sana walikuwa wameiona, na hakuna mmoja wetu aliyejua anaangalia nini. Mama alijua ndani ya dakika nane.

"Nitumie hiyo," alisema. "Bila muziki."

Haikuisha vizuri kwa wote. Jaduong' amesema hakuna kamera tena kwenye boti yake, ya mwanaume ama ya mwanamke. Kazo wangu alinipigia mara moja tu, akaniambia, "Omera, nyinyi mnalala, sisi ndio tunapigwa na baridi. Hayo manne ni yetu." Nilimwambia wavu ni wa shangazi yake. Akasema baridi ni yake. Na sina uhakika kwamba hana hoja, kwa sababu nimeiona hiyo hesabu yao pia, na baada ya petroli, taa na mgao wa mwenye boti, kinachomfikia kijana mmoja asubuhi ni pesa ya kuaibisha. Hatujaongea tangu hapo. Inaniuma, kwa sababu bila yeye nisingepanda, na mimi ndiye nilimchoma mbele ya dunia bila hata kujua.

Mama ameutoa wavu wake. Sasa uko kwenye boti ya yule mjane wa ufuo wa tatu. Wamekubaliana kwamba mwezi ukiisha, giza likirudi, mama atapanda naye usiku mmoja aone mwenyewe. Juzi alinipigia akitaka kujua tu kuhusu ile shida ya maji, aache kunywa saa ngapi. Nikamwambia saa sita mchana, na abebe mtungi wake mwenyewe.

Nikamuuliza kama naweza kuja kurekodi. Amekataa.